Kadi Ambayo Haikutengenezwa

Walimu wenzake walimbandika jina la Mama Kadi, nalo likamkaa mpaka wazazi wakawa wanamuulizia kwa jina hilo getini. Hakukasirika. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kidogo, mwenye vidole vilivyojaa sugu za mkasi, na kila aliyefika kwake alijua kwamba katika nyumba ile boksi halitupwi. La sabuni, la majani ya chai, la viatu, la dawa ya mswaki, yote yalipasuliwa, yakalazwa chini ya godoro yanyooke, kisha yakakatwa vipande na kuandikwa maneno kwa kalamu ya wino mzito.

"Wifi, siku moja utanikata na mimi uniandike," dada wa mumewe alimwambia jioni moja, akihamisha rundo la vipande apate pa kuweka sahani.

"Wewe? Wewe una maneno mengi, hutatosha kwenye kadi moja."

Mumewe alicheka hadi akapaliwa. Nyumba ile ilikuwa imekwisha kuzoea. Mtu akikaa vibaya kitandani, alisikia shule nzima ikilalama chini ya mgongo wake.

Kazi yenyewe haikuwa mchezo. Mwaka ule Mama Kadi alipewa darasa la tatu, chumba chenye madirisha yasiyo na vioo na madawati ambayo watoto walibanana kama miti kwenye kichanja. Utaratibu wa shule ulitaka watoto wote wawe ukurasa mmoja siku moja. Yeye alikuwa ameona kwa miaka mingi utaratibu huo unafanya nini: anayeelewa haraka anasinzia na kuanza kufinya wenzake, na anayechelewa anafukiwa mzima huku mwalimu akisonga mbele na kitabu. Mwalimu mwenye dhamiri hawezi kuliona hilo mwaka hadi mwaka akaendelea kupokea mshahara kwa amani.

Ndipo zikaja kadi. Mtoto mwenye macho mabovu aliandikiwa herufi kubwa kama kiganja. Yule asiyeweza kukaa kitako, maneno yake yalibandikwa ukutani, akawa anayasoma huku anazunguka chumba kama mlinzi wa zamu. Waliokuwa wepesi walipewa kadi ndefu zenye maswali, wakakosa muda wa kufinya mtu. Darasa likawa na kelele, lakini zilikuwa kelele za kazi.

Mwalimu wa darasa la pili, ambaye ukuta mwembamba ulimtenga naye, aliitwa Redio kwa sababu hakuzimika tangu kengele ya asubuhi. Alikuwa akichungulia dirishani kila baada ya muda.

"Mama Kadi, soko lako leo lina nini? Wangu wameacha hesabu, wanasikiliza biashara yako."

"Waambie waje wanunue. Bei ya jirani."

Katika darasa la Mama Kadi, karibu na dirisha, alikaa mtoto wa kike ambaye wenzake walimwita Bubu. Mama Kadi alilipiga marufuku jina hilo, wakaanza kumwita Kimya, naye akaona afadhali. Bubu hakuwa. Mama yake, fundi cherehani aliyeshonea kwenye kibaraza cha chumba alichopanga, aliapa kwamba nyumbani mtoto huyo huongea mpaka majirani wakagonga ukuta. Ila akivuka geti la shule, mdomo ulijifunga. Hakujibu, hakuomba ruhusa ya kwenda nje, hakulia hata alipoanguka. Walimu waliomtangulia Mama Kadi walimchapa, wakambembeleza, wakamsahau.

Kusahauliwa huko kulikuwa na mwisho wake. Ili mtoto apande darasa la nne, ilimpasa asimame mbele ya mwalimu mkuu na kusoma kwa sauti. Asiyesoma hurudia. Aliyerudia mara mbili na bado hasomi, nafasi yake hupewa mtoto mwingine, kwa kuwa nje ya geti walikuwapo wengi waliokosa hata pa kusimama. Kimya alikuwa amesharudia mara mbili. Mwaka huu ndio uliokuwa wa mwisho.

Mama Kadi aliijaribu njia yake. Alitandaza kadi mbele ya mtoto, akasema taratibu, "Nionyeshe kisima."

Kidole chembamba kilitoka, kikasita, kikagusa kisima.

"Nionyeshe paka."

Kikagusa paka.

Mama Kadi aliinama chini ya meza akijifanya anatafuta chaki, kumbe anafuta macho. Wiki zile kidole kile hakikukosea. Kisima, paka, mlango, sufuria, barabara. Siku ambayo Kimya alipitia rundo zima bila kosa, mwalimu hakungoja hata kufunga darasa vizuri. Alikwenda moja kwa moja kwa fundi cherehani, akamshika mikono yote miwili.

"Mama, mtoto anasoma!"

Fundi aliondoa mguu kwenye pedali. "Nani? Huyu huyu wa kwangu?"

"Huyu huyu. Anaweza! Nakwambia anaweza!"

Tangu siku ile, kila mteja aliyekuja kupimwa gauni alihadithiwa habari hiyo kabla utepe haujamfika kiunoni.

Likabaki la sauti. Mama Kadi aliingia ofisini kwa mwalimu mkuu, mtu mrefu, mkavu, aliyenyoosha mashati yake mwenyewe na ambaye hakuwahi kumpendelea mtoto wa mtu. Hakuwa mtu mbaya, jambo lililofanya mambo kuwa magumu zaidi.

"Mwalimu, utaratibu unasema asome kwa sauti."

"Utaratibu unataka kujua kama anajua kusoma, mkuu. Sauti ni njia tu."

"Na kesho utaniletea mwingine anayesoma kwa kuruka kamba?"

"Akisoma, aruke."

Mwalimu mkuu alicheka bila kupenda, kisha akakunja uso tena. "Mkaguzi anakuja wiki ijayo. Mwonyeshe. Akikubali yeye, mimi sina neno. Akikataa, usinirudie hapa na machozi."

"Hutayaona."

Siku chache kabla ya mkaguzi kufika lilitokea jambo dogo. Kadi ya neno mvua ililowa na kuchanika, na Mama Kadi akaliandika upya neno hilo kwenye kipande kingine. Alipomwambia Kimya amwonyeshe mvua, kidole kilipita juu ya kadi ile mpya kana kwamba haipo, kikazunguka meza, kikarudi mapajani. Akarudia. Hivyo hivyo. "Leo umenuna," mwalimu alisema, akaitoa kadi ile kwenye rundo ili isimharibie mtoto moyo.

Hapo ndipo mtu mzima, mwenye chuo na miaka ya kazi, alipopaswa kusimama na kujiuliza. Hakusimama. Alikuwa na haraka ya kushinda, na mtu mwenye haraka ya kushinda huona anachotaka kuona tu, hata kama anashindania jambo jema. Wema wa nia hauondoi wajibu wa kuhakikisha.

Mkaguzi alikuwa mama mtu mzima, mpole wa sauti, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Alikaa kwenye dawati la watoto, magoti yakamfika karibu na kidevu, na darasa likabana kicheko. Mwalimu mkuu alisimama mlangoni. Dirishani, Redio alikuwa amewaacha wanafunzi wake wakipiga kelele.

"Haya mwanangu," mkaguzi alisema, "mwalimu wako ananiambia una kidole chenye akili."

Mama Kadi alitandaza kadi zake. Kidole kikatembea. Kila neno lililotajwa, kikalipata. Mwalimu mkuu aliinua nyusi. Redio alipiga kofi moja kwenye fremu ya dirisha. Mama Kadi alihisi mgongo wake unanyooka kwa mara ya kwanza katika muhula mzima.

"Vizuri sana," mkaguzi alisema. "Mwalimu, hizi umezikata mwenyewe?"

"Kwa mikono yangu."

Mkaguzi alichukua kadi mbili, akaiweka moja juu ya nyingine. Hazikulingana. Akazigeuza, akazitazama kwa muda. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa karatasi nyeupe, akazikunja na kuzikata kwa kucha ziwe sawasawa, akaandika juu yake maneno yale yale, kwa mwandiko safi kuliko wa Mama Kadi. Akazipanga mezani.

"Nionyeshe kisima, mama."

Kidole kilitoka, kikasimama hewani.

"Kisima. Pole pole, hatuna haraka."

Kimya aliinama mpaka pua ikakaribia meza. Akachukua karatasi moja, akaigeuza kutazama nyuma. Akairudisha. Akachukua nyingine, akaigeuza vile vile, akapitisha dole gumba kwenye ukingo wake. Kisha akainua macho, akamtazama Mama Kadi, si kwa kuogopa bali kama mtu aliyefika nyumbani akakuta vitu vyote vimehamishwa, anauliza nani amefanya hivi.

"Hizo siyo za kwetu!" mtoto mmoja alipaza sauti kutoka nyuma. "Mpe za kwetu!"

"Mpe za kwetu!" darasa likaitikia.

Mama Kadi alishaelewa. Kisima kilikuwa kile kipande kinene cha boksi la viatu, chenye mkunjo katikati. Paka alikuwa kipande cheupe cha sabuni, kinachoteleza. Mlango ulikatwa vibaya pembeni. Mvua iliyochanika ilikuwa na doa, na mvua mpya haikuwa nalo. Mtoto huyu mtulivu, mwenye macho makali kuliko wote, hakuwa amesoma neno hata moja. Alikuwa amekariri maboksi. Wenzake nao walishika vipande vile vile, lakini wao waliyapayuka maneno, wakayaandika, wakayagombania, na walipokosea walisikika. Kosa la Kimya peke yake ndilo halikuwa na sauti.

"Hajui," mwalimu mkuu alisema kwa sauti ya chini.

"Anajua alichofundishwa," mkaguzi alijibu, huku akikusanya karatasi zake. Hakulisema kwa kejeli, na afadhali angelisema kwa kejeli.

Ofisini Mama Kadi hakukaa, ingawa alioneshwa kiti.

"Nipe muhula mmoja, mkuu. Sasa ndiyo nimejua anakwama wapi. Nitazikata sawasawa, nitabadilisha mwandiko, nitaanza na herufi..."

"Miaka mitatu, mwalimu."

"Miwili hakuwa kwangu."

"Huu ulikuwa kwako."

Alimgeukia mkaguzi. "Mama, wewe umeona. Ile si akili ndogo. Mtoto anayeweza kukumbuka vipande vyote vile..."

"Nimeona," mkaguzi alisema. "Nitaandika kwamba apelekwe shule ya watoto wenye mahitaji maalumu."

"Iko wapi?"

Mkaguzi alivua miwani. Wote watatu walijua iko wapi. Ilikuwa safari ya kutwa nzima, na ilipokea tu watoto walioletwa na wazazi wanaoweza kulipia malazi. Fundi cherehani wa kibarazani hakuwa miongoni mwao. Kuandika kungeandikwa, na faili lingefungwa likiwa safi.

"Mwalimu," mwalimu mkuu alisema, "nikimbakiza huyu, asubuhi nimwambie nini yule baba aliyesimama getini na mtoto wake tangu mwaka jana? Niambie wewe, maana mimi nimechoka kumwambia."

Hakukuwa na jibu la haki kwa mmoja lisilomdhulumu mwingine, na hilo ndilo linalotokea pale nchi inapojenga vyumba vichache kisha ikawaachia walimu kazi ya kuchagua nani atolewe.

"Basi mimi ndiye nitakayempelekea mama yake habari," alisema. "Asipewe barua mkononi kama mzigo wa dukani."

"Nenda. Na kesho, kadi zote zitoke ukutani mpaka zikaguliwe upya."

Nje, Redio alikuwa akimngoja kwenye kona ya darasa. Mtu yule ambaye hakuwahi kukosa la kusema alimpokea mkoba wake, akamsindikiza hadi getini, akamrudishia mkoba, bila neno.

Fundi cherehani aliishi uani, nyuma ya safu ya vyumba vya kupanga. Kabla hajaipinda kona, Mama Kadi alisikia sauti ya mtoto wa kike, nzito kidogo, yenye amri.

"Wewe kaa! Nimesema kaa vizuri! Haya, nionyeshe sufuria. Siyo hiyo, mwanangu. Pole pole, hatuna haraka. Nionyeshe."

Mtoto mdogo alicheka. Sauti ile ikamkaripia, kisha ikacheka naye.

Mama Kadi aliegemea ukuta. Mwaka mzima alikuwa amewaza sauti hiyo ingekuwaje, akaiwaza nyembamba. Sasa ilikuwa hapo, inafundisha, na ile nionyeshe ilikuwa ya Mama Kadi mwenyewe, hata namna anavyoivuta. Angeweza kukaa pale hadi jua lizame. Alipopiga hatua ya kujitokeza, sauti ilikatika kama uzi. Kimya aliacha vifuniko vya chupa alivyovipanga chini mbele ya mdogo wake, akaingia chumbani, mlango ukafungwa.

Fundi aliinuka kwenye cherehani, uso umechanua.

"Mwalimu! Karibu, karibu. Ameshanihadithia, yaani leo hakunipa nafasi hata ya kula! Kasema mgeni alikuja na miwani ya kamba, kasema alionyesha zote, kila mtu akapiga makofi. Si ndiyo?"

"Alionyesha zote za kwangu," Mama Kadi alisema.

"Enhe?"

"Dada yangu, kaa kwanza."

Fundi hakukaa. Mama Kadi alimweleza akiwa amesimama, hakuficha wala hakupamba, kwani jambo moja alilobaki nalo ni kutomdanganya mwanamke huyu mara ya pili. Alimweleza kuhusu maboksi, karatasi nyeupe, na uamuzi wa shule. Uso wa fundi ulijifunga taratibu.

"Hebu nielewe. Hawezi kusoma."

"Bado."

"Na kesho asije."

"Asije."

"Wewe ulikuja hapa. Ulinishika mikono hii. Ukaniambia anaweza. Mimi sikukuuliza, mwalimu. Mimi nilikuwa nimeshazoea."

"Nilikosea mimi."

"Umekosea wewe, anafukuzwa yeye."

Mdogo wake Kimya alikuwa akiwatazama huku amekumbatia vifuniko vya chupa. Mama Kadi alitamani fundi apige kelele, amtukane, arushe mkasi ule mkubwa uliokuwa mezani. Fundi aliokota kitambaa, akakikunja, akakikunjua tena.

"Niruhusu nimfundishe hapa," Mama Kadi alisema. "Jioni. Sitaki kitu."

"Akikuona hasemi."

"Asinione. Nitakaa nje ya mlango."

Bila kungoja jibu alichukua karatasi safi mkobani, akaandika neno moja fupi, akapiga magoti kwenye sakafu ya kibaraza, akaisukuma chini ya mlango. Kisha akageuka, akaketi, mgongo wake ukiugusa ubao wa mlango.

"Mwambie asome anachoona. Asinisomee mimi. Akusomee wewe."

Fundi aliugeukia mlango, akaita. "Mwanangu! Umesikia?"

Nyayo ndogo zilisogea, zikasimama upande wa pili wa ubao, karibu sana, hata Mama Kadi alisikia pumzi. Karatasi ilikwaruza sakafu, ilikuwa ikigeuzwa. Ikageuzwa tena.

"Mama," sauti ile nzito ilisema, chini chini. "Mwambie sijui."

Mama Kadi hakusogea. Katika rundo lote la kadi, katika jioni zote za mkasi na wino, hakuwahi kutengeneza moja iliyoandikwa sijui. Kila alipotandaza maneno mezani alimpa mtoto njia moja tu, kuonyesha kitu, chochote, na kumfurahisha mwalimu. Wengine walikuwa na vinywa vya kukataa. Huyu hakuachiwa hata kipande cha boksi cha kusemea kwamba amepotea. Sijui ndilo neno la kwanza mtoto huyo alilowahi kumpa mwalimu wake, na lilikuja baada ya milango yote kufungwa.

"Umesikia?" fundi aliuliza. "Amesema hajui. Sasa?"

"Sasa mwambie nimesikia."

"Nimwambie umesikia halafu iwe nini? Atarudi shule?"

"Hatarudi."

Fundi alikaa kwenye cherehani, akavuta nguo ya watu iliyokuwa ikimngoja, akatafuta mahali mshono ulipoishia. Mara mbili uzi ulikataa kuingia kwenye sindano. Alipoupata, alisema bila kugeuka.

"Kama unakuja kesho, njoo. Sikufukuzi. Lakini usinishike mikono tena, na usiniambie anaweza. Nitamsikia mwenyewe."

Akakanyaga pedali, na kelele ya mashine ikakifunika kibaraza chote. Mama Kadi aliendelea kukaa pale chini, akitafuta mkobani karatasi nyingine.